Majigambo katika Hip-hop: Kijana Anapojisifu, Anasema Nini?



Miaka kadhaa iliyopita, katika sherehe ya vijana kwenye parokia niliyokuwa nikihudumu, kijana mmoja wa kidato cha nne alipanda jukwaani kughani utungo wake wa hip-hop. Wengi wetu tulitarajia kusikia habari za Bwana Yesu, au walau nasaha dhidi ya dawa za kulevya, maana ndivyo vijana wetu walivyokwisha kujua namna ya kutupendeza. Yeye alianza kwa kulitaja jina lake. Akalitaja tena. Kisha akatamba kwamba kuanzia stendi hadi mwaloni hakuna mwenye ulimi kama wake, kwamba mama yake anayeuza dagaa atalala kwenye ghorofa, na kwamba wote waliomcheka kwa viatu vyake vilivyotoboka watakuja kupanga foleni getini kwake. Mzee mmoja wa safu ya mbele akaniinamia: “Baba Paroko, ndiyo mafundisho ya Kipaimara haya?” Nikampa ishara mshereheshaji. Kipaza sauti kikazimwa. Kijana akaghani maneno mawili matatu yasiyosikika, akashuka.

Haikupita saa moja tukaingia kwenye harambee ya paa la kanisa. Majina yalisomwa pamoja na viwango. Aliyetoa shilingi milioni moja alisimamishwa, akapigiwa kinanda na vigelegele. Mama aliyetoa elfu mbili jina lake lilipita kama basi lisilosimama kituoni. Hakuna mzee aliyeniinamia. Na aliyekuwa akiyasoma majina hayo ni mimi.

Tangu siku ile nimelichukulia kwa uzito swali ambalo wazazi huniuliza mara kwa mara: mbona muziki huu wanaoupenda watoto wetu umejaa majivuno? Mbona kila wimbo ni mimi, mimi, mimi; gari langu, fedha zangu, maadui zangu nilivyowaangusha? Swali ni la haki. Lakini jibu la haraka, kwamba hicho ni kiburi na basi, halitoshi, kwa kuwa halielezi ni kwa nini kijana mpole, asiyepata hata siku moja kumjibu mama yake vibaya, akishika kipaza sauti hugeuka simba.

Tuanzie mahali muziki huu ulipozaliwa. Kusini mwa Bronx, katika jiji la New York nchini Marekani, miaka ya 1970 ilikuwa miaka ya uchungu. Barabara kuu ilikuwa imepasuliwa katikati ya makazi ya watu, ajira zilikuwa zimepungua, na nyumba za kupanga ziliteketea kwa moto mtaa baada ya mtaa, baadhi zikichomwa kwa makusudi ili wenye nyumba walipwe bima. Waliobaki walikuwa hasa Wamarekani weusi, watu wenye asili ya Puerto Rico, na wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi. Tarehe 11 Agosti 1973, katika ukumbi wa chini wa jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, binti aitwaye Cindy Campbell aliandaa dansi ili apate fedha za kununulia nguo za kurudi nazo shuleni. Aliyepiga santuri alikuwa kaka yake, Clive Campbell, mzaliwa wa Jamaika, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la DJ Kool Herc. Usiku huo ndio unaohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip-hop.

Katika madansi hayo ya Herc, rafiki yake aitwaye Coke La Rock alishika kipaza sauti. Hakuwa na utungo wowote. Alichofanya kwanza ni kuita majina ya rafiki zake waliokuwamo ukumbini. Baadaye, kama alivyosimulia mwenyewe, akaanza kuwatangazia kana kwamba magari yao yameegeshwa vibaya huko nje, ilhali hawakuwa na magari. Nia ilikuwa wasichana wawadhanie kuwa ni watu wenye uwezo. Nimelitafakari sana jambo hili. Jambo la kwanza lilikuwa kuitwa jina mbele za watu, katika mtaa ambao serikali na mabenki yalikuwa yamekwisha kuusahau. La pili lilikuwa gari lisilokuwapo. Mambo hayo mawili hayajaachana hadi leo, na ugumu wote wa kuusikiliza muziki huu kwa moyo wa Kikristo umo katika kuyatenganisha.

Kutokana na hayo yakakua mashindano. Wamarekani weusi walikuwa tayari na mazoea ya zamani ya kutaniana kwa matusi ya kushindania ulimi, na masimulizi marefu ya mashujaa wakorofi wanaojisifu kupita kiasi. Marapa waliirithi hazina hiyo. Hivyo rapa anapodai kuwa yeye ni mfalme wa jiji zima, hatoi taarifa, wala wasikilizaji wake hawaipokei kama taarifa. Ameingia katika mchezo wenye sheria zake: tambo liwe na vina, liwe na sitiari ambayo haijatumiwa na mwingine, limpite mpinzani aliyetangulia. Anayepimwa pale ni ulimi wake.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tungepaswa kuwa wa mwisho kulishangaa jambo hili. Ngoma za Wasukuma zimejengwa juu ya mashindano ya makundi mawili, Bagalu na Bagika. Manju wa upande mmoja humtambia mwenzake, humkejeli, huisifu dawa yake na wachezaji wake, nao watazamaji huhamia upande uliowavutia zaidi. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, hakuiogopa ngoma hiyo. Hadi leo sherehe ya Bulabo, yenye mashindano ya ngoma, huambatana na Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Yaani tambo la manju na maandamano ya Ekaristi vinakutana katika majira yale yale, na imani haijabomoka. Watu wa pwani nao wana mashairi yao ya kujibizana; Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, hakuwa mtu wa kunyamaza alipochokozwa. Nilipokizima kipaza sauti siku ile, nilidhani nazima kitu cha Marekani. Kumbe nilikuwa nazima pia kitu cha babu yangu.

Hata hivyo, kusema kwamba majigambo ni mchezo hakuondoi maswali yote. Biblia inao wimbo wa majigambo karibu na mwanzo wake kabisa, nao unatisha. Katika Kitabu cha Mwanzo 4:23-24, Lameki, wa uzao wa Kaini, anawaita wake zake Ada na Sila wamsikilize, kisha anajivunia kwamba amemwua mtu kwa sababu ya jeraha tu, na kwamba kisasi chake kitazidi kile cha Kaini, kifike mara sabini na saba. Mpe Lameki bastola, na utakuwa umekaribia sana baadhi ya nyimbo zilizotoka Los Angeles katika miaka ya 1990. Bwana wetu alipomjibu Petro kuhusu idadi ya kusamehe (Mt 18:22), aliichukua hesabu ile ile ya Lameki na kuigeuza juu chini. Kwa hiyo tambo linaweza kuwa mchezo, na linaweza pia kuwa damu. Mtu atajuaje?

Mtakatifu Toma wa Akwino ananisaidia hapa kuliko makala nyingi za siku hizi. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 132, hasemi kwamba kutafuta utukufu ni dhambi moja kwa moja. Anasema utukufu huwa mtupu kwa njia tatu: kwa sababu ya kitu ambacho mtu anajivunia, ikiwa hakistahili, kwa sababu ya watu anaotaka wamsifu, ikiwa hukumu yao haina uzito, au kwa sababu ya lengo lake, ikiwa hauelekezi kwenye heshima ya Mungu wala wokovu wa jirani. Na maswali machache kabla na baada ya hapo anatukumbusha jambo ambalo sisi wahubiri hulisahau: moyo mkuu, ule unaothubutu kulenga mambo makubwa, ni fadhila, na kinyume chake, moyo mdogo unaojidharau na kukataa kufanya kile ambacho unaweza kukifanya, ni dhambi. Mfano anaoutumia ni yule mtumwa aliyeifukia talanta yake ardhini. Nakiri kwamba nimehubiri mara nyingi sana dhidi ya kiburi, na sikumbuki kama nimewahi kuhubiri mara mbili dhidi ya moyo mdogo.

Sasa tumchukue rapa mmoja tumtazame kwa macho hayo. Christopher Wallace, aliyejulikana kama The Notorious B.I.G., alilelewa Brooklyn na mama mwalimu aliyehamia kutoka Jamaika, ambaye alimsomesha katika shule za Kikatoliki. Mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 22, alitoa albamu yake ya kwanza, Ready to Die, yaani aliye tayari kufa. Humo mna wimbo uitwao Juicy, ambao pengine ndio tambo la mafanikio maarufu kuliko yote katika hip-hop: safari ya mtoto wa dhiki, aliyeuza dawa za kulevya mtaani, hadi kuwa na fedha, jina, na mama anayetabasamu. Mama yake mwenyewe hakuifurahia picha ile ya dhiki. Alijua jinsi alivyomlea. Hata umaskini, basi, ulikuwa umetiwa chumvi ili mafanikio yang'ae zaidi.

Ukiusikiliza wimbo huo kwa utulivu, utakuta kitu ambacho si kibaya hata kidogo. Kuna shukrani kwa waliomtangulia katika sanaa. Kuna furaha ya mtu aliyeambiwa shuleni kwamba hatakuwa kitu. Mtu aliyenyimwa thamani anaidai; na Bikira Maria naye, katika utenzi wake, alimtukuza Mungu anayewakweza wanyonge na kuwashibisha wenye njaa. Lakini angalia tofauti. Katika utenzi wa Maria anayekweza ni Mungu, na wanaokwezwa ni wengi. Katika Juicy anayepanda ni mmoja, na ushahidi wa kupanda kwake ni vitu.

Tena, albamu hiyo hiyo inamalizika kwa wimbo wa namna nyingine kabisa. Msimulizi yuko kwenye simu usiku, anakiri kwamba anajichukia, anayahesabu makosa aliyomtendea mama yake, na mwisho anajiua. Sauti ni ile ile iliyotamba katika Juicy. Kijana wetu anayeucheza Juicy peke yake kwenye simu yake amesikia nusu tu ya ungamo. Wallace alipigwa risasi mjini Los Angeles tarehe 9 Machi 1997, akiwa na miaka 24. Miezi sita kabla yake, Tupac Shakur, aliyekuwa rafiki yake kabla hawajawa mahasimu wa kutupiana maneno kwenye nyimbo, alikuwa amefariki kwa risasi huko Las Vegas akiwa na miaka 25. Vijana wawili wenye vipaji ambavyo ulimwengu ulikuwa bado haujamaliza kuvihesabu.

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Kipimo cha kwanza cha Toma, kile cha kitu ambacho mtu anajivunia, kinazishinda nyimbo nyingi sana. Saa, mkufu, gari na chupa vinatajwa kama hati ya kuthibitisha kwamba mtu ni mtu. Na wasanii wenyewe wanajua kwamba mengi ya magari yanayoonekana kwenye video ni ya kukodi. Gari la Coke La Rock lisilokuwapo lilikuwa mzaha wa kuwainua rafiki. Gari la video limekuwa deni. Nimeketi na mwendesha bodaboda aliyekopa kwa riba ya kukausha damu ili anunue simu ya kupigia picha, akapoteza pikipiki, kisha akaingia kwenye kubeti ili airudishe. Hakudanganywa na wimbo mmoja. Alidanganywa na ulimwengu mzima unaoimba wimbo huo, ukiwamo ule wa mimbari zinazohubiri injili ya mafanikio. Maana mantiki ni moja: nionyesheni gari lenu nami nitawaambia Mungu amewabariki kiasi gani. Tofauti ni kwamba rapa halipishi sadaka.

Lakini si kila tambo la mafanikio lina maana inayoonekana juu juu. Hapa kwetu, mwaka 2001, Professor Jay alitoa wimbo Ndio Mzee, ambamo anajivika sauti ya mgombea anayejigamba kwa ahadi zisizowezekana huku umati ukimwitikia. Mzazi aliyesikia maneno mawili tu angeweza kusema kwamba rapa yule anajisifu. Ukweli ni kwamba alikuwa akiwacheka wanaojisifu, na akitucheka sisi tunaoitikia. Na miaka kumi na minne baadaye alichaguliwa mwenyewe kuwa mbunge wa Mikumi, jambo ambalo linaweza kumfanya mtu atabasamu.

Wapo pia wanaoyahoji majigambo kutoka ndani. Ijumaa Kuu ya mwaka 2017, tarehe 14 Aprili, Kendrick Lamar, mzaliwa wa Compton huko California, alitoa albamu iitwayo DAMN., ambayo mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Pulitzer ya muziki; ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutoka nje ya muziki wa kiklasiki na wa jazi. Wimbo wa saba katika albamu hiyo unaitwa PRIDE., yaani kiburi, na wa nane unaitwa HUMBLE., yaani mnyenyekevu. Cha ajabu, huo wa kiburi ni wa polepole, wenye mashaka na kujichunguza, na huo wa unyenyekevu ndio anaotamba kwa nguvu zote akiwaamuru wengine wanyenyekee. Nimewahi kuziweka nyimbo hizo mbili mbele ya vijana wa Kipaimara (nikiruka maneno machafu, ambayo yapo, wala siyatetei) nikawauliza ni upi una unyenyekevu zaidi. Hawakukubaliana. Mjadala ulidumu kuliko somo langu lolote la awali juu ya dhambi saba za mzizi. Binti mmoja alisema kwamba mtu anaweza kulitumia neno unyenyekevu kama rungu, naye alinitazama machoni alipokuwa akisema.

Mwaka huo huo wa 2017, Jay-Z, aliyekulia katika nyumba za umma za Marcy huko Brooklyn na ambaye miaka miwili baadaye angetajwa na jarida la Forbes kuwa bilionea wa kwanza wa hip-hop, alitoa albamu 4:44. Katika wimbo wenye jina hilo hakutamba hata kidogo. Alimwomba mke wake msamaha mbele ya ulimwengu.

Mwalimu wangu wa Maandiko seminarini alipenda kusema kwamba mtaalamu wa majigambo katika Agano Jipya ni Mtume Paulo. Mzizi wa neno la Kigiriki la kujisifu unarudi mara nyingi mno katika nyaraka zake. Huko Korintho walikuwa wameingia wahubiri wenye sifa, wenye ufasaha, wanaojitangaza. Nao waumini wakamwona Paulo mnyonge. Basi katika barua ya pili, sura ya 11, Paulo anaingia uwanjani kwa tambo lake. Anakiri kwanza kwamba anasema kipumbavu, kisha anaorodhesha kama afanyavyo kila mwenye kutamba: amechapwa mara tano mijeledi thelathini na tisa, amepigwa kwa fimbo mara tatu, amepigwa mawe mara moja, amevunjikiwa na meli mara tatu. Mwishoni anasimulia jinsi alivyoteremshwa dirishani ndani ya kapu, kwenye ukuta wa Damasko, akikimbia. Ili tuonje ukali wa maneno hayo, tukumbuke kwamba jeshi la Roma lilikuwa na taji la heshima kwa askari wa kwanza kuupanda ukuta wa mji wa adui. Paulo anajisifu kuwa ameushuka ukuta, tena kwenye kapu, kama samaki.

Anatumia mtindo wa watu wa zama zake, kwa ustadi kamili, na anaupasua kutoka ndani. Hakuwaambia Wakorinto wanyamaze. Kijana aliyezaliwa na kipaji cha kutamba anaweza kufundishwa sura hiyo ya 11 mstari kwa mstari, akaona kwamba udhaifu wake, viatu vyake vilivyotoboka na dagaa wa mama yake vina nafasi katika utungo bila kusubiri ghorofa.

Kwa wazazi nina maneno machache tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2481, inataja majivuno miongoni mwa makosa dhidi ya ukweli. Basi tumfundishe mtoto kuuliza kama kinachosemwa ni kweli, badala ya kumnyang'anya simu. Sikilizeni naye wimbo mzima. Mwulizeni anayeimba anataka nani amsikie. Na pale nyimbo zinapomfanya mwanamke kuwa mojawapo ya mali zinazohesabiwa baada ya gari na saa, msimung'unyie maneno. Hapo hakuna mchezo wa ulimi wa kutetea, na mabinti walioko chumbani wanasikia.

Katika parokia ninayohudumu sasa, harambee haisomi tena viwango. Baadhi ya wazee wa Halmashauri ya Walei wamelalamika kwamba michango itapungua, na kwa kweli mwaka wa kwanza ilipungua. Suala hilo bado lipo kwenye ajenda zetu.

Yule kijana hakurudi tena jumuiyani baada ya siku ile. Nilikutana naye miaka mitatu baadaye stendi, akiwa mpiga debe. Alinitambua kabla sijamtambua. “Shikamoo, Baba.” Nikamwitikia, nikamwuliza utungo wake uliishaje. Alicheka kidogo, akasema hatungi tena, lakini ubeti wa mwisho anaukumbuka: ulikuwa na jina la mama yake, naye siku ile mama alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango, akingoja kulisikia. Nikamwomba radhi palepale, katikati ya mabasi. “Yameisha, Baba,” akasema, kisha akageuka kuita abiria wa Magu, Bunda na Musoma.